Chanjo za mionzi: kinachoogopwa sicho

Likitajwa neno mionzi karibu na sindano, watu hushtuka. Ukimwambia mtu kirusi cha chanjo kimelemazwa kwa mionzi, anadhani naye anakwenda kuchomwa mionzi hiyo. Sivyo. Mionzi ya gama, itokayo kwenye metali yenye mionzi iitwayo kobalti-60, hupita kwenye chupa ikaenda zake, kama mwanga upitavyo kiooni. Mabomba ya sindano yenyewe husafishwa hivyo kiwandani miaka nenda rudi, na hakuna anayelalamika.

Cha kupima ni kingine: inaharibu nini, inaacha nini. Formalini, kemikali iliyozoeleka kuulia virusi vya chanjo, hugandamanisha protini za juu ya kirusi, zile zile ambazo mwili unatakiwa kuzikariri. Mionzi huumiza zaidi vinasaba. Ni uzi mrefu, na mikato michache tu huukwamisha. Kirusi hakizaani tena lakini sura yake inabaki, mradi kigandishwe kwanza. Kwenye kimiminika mionzi huvunja maji yenyewe, na vipande vyake hutafuna protini. Chupa ikikaa kwenye barafu kavu, vipande hivyo havina pa kukimbilia.

Hili la sura silikomalii bure. Katika majaribio ya Marekani yaliyoanza 1966, watoto wachanga walichanjwa dhidi ya RSV, kirusi cha mapafu, kwa chanjo ya formalini. Katika kundi moja la watoto 31, baadaye 20 waliambukizwa, 16 wakalazwa, wawili wakafa. Kati ya walioambukizwa bila chanjo hiyo, waliolazwa walikuwa karibu 5 kwa 100. Kumi na sita kati ya ishirini! Formalini haikuwa peke yake, maana hata kingamwili zenyewe hazikukomaa vizuri, lakini protini zilizopoteza umbo zimo kwenye kesi ile.

Wapinzani nao wana hoja nzito. Mwaka 2015 ilibainika kwamba maabara ya jeshi la Marekani ya Dugway, Utah, ilikuwa ikisambaza spora za kimeta (umbo sugu la bakteria wake) zilizopigwa gama, zikidhaniwa zimekufa, kumbe nyingine zi hai. Hesabu ya Julai ya waliozipokea ilifika maabara 86. Ila kilichopwaya pale ni uhakiki: sampuli zilizopimwa baada ya mionzi zilikuwa ndogo mno kunasa spora zilizosalia. Formalini ilishafanya hayo hayo mwaka 1955, chanjo ya polio ya kampuni ya Cutter ilipotoka na virusi hai: watu kama 200 walipooza, 10 wakafa.

Linalonisumbua kweli ni ukubwa wa shabaha, yaani ule uzi wa vinasaba. Kirusi kidogo kina uzi mfupi, hivyo hudai dozi kubwa ya mionzi, na dozi ikipanda protini nazo huanza kuumia. Kila kimelea kina kipimo chake cha kutafutwa upya. Halafu kobalti yataka kuta nene na ulinzi wa saa zote. Elektroni (chembe ndogo za umeme) za nishati ndogo hazidai hayo, ila hazipenyi mbali: kimiminika lazima kitandazwe kiwe chembamba kama karatasi. Kikishatandazwa, kazi ambayo formalini huifanya kwa polio siku zipatazo 12, zenyewe huimaliza kabla sekunde haijaisha.