Mandvi: fahari ya usukani, ukimya wa forodhani

Ukifika Mandvi, mji mdogo wa bandari katika Kachchh, magharibi mwa India, hukawii kusimuliwa habari za Kanji Malam, mwana wa mji anayedaiwa kumwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. "Malam" ni yule yule mwalimu wa chombo wa pwani yetu, mjuzi wa nyota na njia za bahari, na waandishi wa Kireno wanamtaja Mgujarati waliyemwita Malemo Cana. Tatizo ni kalenda. Inaelezwa kwamba Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kachchh, aliuanzisha mji huu karibu mwaka 1580. Labda palikuwa na makazi ya mabaharia kabla yake, lakini hiyo ni labda.

Sina haja ya kumpokonya Kanji sifa zake. Fahari ya Mandvi ina msingi hata bila yeye: kando ya mto Rukmavati mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao, kazi waliyorithishana kwa karne kadhaa. Vyombo vya Kachchh vilishuka na kaskazi vikiwa na nguo za pamba, vikarudi na kusi vikiwa na pembe za ndovu na karafuu.

Faida ya biashara hiyo ndiyo yenye maneno. Tangu miaka ya 1830 Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alimkodisha Jairam Shivji, Mbhatia (mtu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu) wa Kachchh, forodha ya Unguja, yaani haki ya kukusanya ushuru, na miongoni mwa bidhaa zilizolipiwa ushuru hapo walikuwamo watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi kisiwani.

Wanaowatetea wafanyabiashara hao husema sheria ilikuwa ya sultani, wao walikusanya tu. Utetezi huo haunishawishi, maana aliyekodi forodha alifaidika na kila kichwa kilichopita. Wakisema Waingereza waliitumia hoja ya utumwa kuwabana Wahindi na kujipenyeza Unguja, hapo nawaelewa: Rigby hakuwa mtawa. Na wakiniambia baharia aliyetweka tanga au fundi aliyepiga kalafati hakuwa na mtumwa wala hisa, nanyamaza.

Ila baharia huyo maskini asigeuzwe pazia la tajiri. Kanji ana mistari michache ya Kireno. Jairam ana mikataba, madeni na barua za mabalozi, na bado anayetajiwa mgeni ni Kanji. Si kwamba mji haujui kuenzi watu. Mwaka 2003 majivu ya Shyamji Krishna Varma, mpigania uhuru aliyezaliwa Mandvi mwaka 1857, yaliletwa kutoka Geneva, na mwaka 2010 ukumbusho wake ukafunguliwa.

Tena mashahidi wa biashara hiyo ya watumwa wako karibu. Kachchh ina Masidi, wazao wa Waafrika, ingawa tusiwatie wote kapu moja, kwani wapo ambao mababu zao walikuja kama mabaharia na askari. Masidi wa Gujarat wana mchezo wao wa ngoma wanaouita goma. Mtu wa Bagamoyo akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani. Ningependa mgeni wa Mandvi aelezwe lilifikaje huko, pale pale Rukmavati, jahazi likiwa bado mbavu tupu.