Kubadili betri mwenyewe: gharama inatoka wapi?

Aprili 2022, Apple ilianza kuwauzia wateja wake wa Marekani spea orijino na kuwakodisha vifaa vya kutengenezea simu nyumbani. Waliodai haki hiyo kwa miaka mingi walishangilia, mpaka walipopiga hesabu. Betri ya iPhone 12 mini ilikuwa dola 69, sawasawa na bei ya kubadilishiwa dukani, ufundi ukiwemo. Kukodi vifaa kulikuwa dola 49 nyingine kwa wiki, navyo vilikuja katika masanduku mawili ya takriban kilo 36. Hata ukitoa fedha kidogo iliyorudishwa kwa betri kuukuu, aliyejifanyia kazi alilipa zaidi ya aliyefanyiwa. Ruhusa ya namna hiyo humfaa nani?

Watengenezaji wana hoja, na si zote za kupuuza. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. (Ingawa simu za Samsung Galaxy Note 7 zilizoondolewa sokoni mwaka 2016 kwa kushika moto zilitoka kiwandani na betri zao, hakuna fundi aliyezigusa.) Nzito zaidi ni hoja ya wizi. Simu iliyokwapuliwa na waliopakizana pikipiki, ikishafungwa na mwenyewe kwa mbali, huuzwa vipande vipande: kioo huku, kamera kule. Ndiyo maana, wanasema, baadhi ya spea husajiliwa na programu ya simu ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Lakini usajili huo unamgonga nani hasa? Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, haagizi spea kutoka kwa mtengenezaji. Mtaji wake ni simu mfu. Iliyokufa bodi ina kioo kizima, iliyovunjika kioo ina bodi nzima, na kutokana na mbili anapata moja inayofanya kazi. Hapo ndipo unafuu wa mteja ulipo. Sasa, kwenye baadhi ya iPhone, akihamisha kioo orijino kati ya mbili za aina moja, simu inalalamika kwamba haikitambui, na baadhi ya vipengele vinazimika. Inambidi ang'oe chipu ndogo ya kioo cha zamani na kuilehemu kwenye kipya, kazi ya darubini na mkono usiotetemeka. Gharama hiyo mteja ndiye anayeibeba, au anaishia kufungiwa kioo cha kopi. Mwizi anaweza kupunguziwa soko, sawa, ila aliyenunua simu yake kihalali anaadhibiwa pamoja naye.

Na mbona kuwatenganisha kunawezekana? Mwaka 2024, kupitia iOS 18, programu endeshi ya iPhone, Apple yenyewe ilianza kuzizuia spea zinazotoka kwenye simu iliyofungwa na mwenyewe, huku ikiruhusu spea nyingine zilizotumika zioanishwe upya kwenye baadhi ya aina za simu. Mwaka huohuo jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga marufuku kuzuia spea kwa programu, kwa simu zinazoanza kuuzwa baada ya 1 Januari 2025.

Huku kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na ile ya Kenya huidhinisha aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Sharti la kutofungia spea halali lingeweza kuandikwa humo humo kwenye idhini. Apple huenda isijali soko letu dogo. Transsion, kampuni ya China yenye Tecno, Infinix na itel, haina anasa hiyo: Afrika ni moja ya masoko yake makubwa.