Nyumba ya urithi Dar: kuuza, kupangisha au kuuziana?

Chukua nyumba ya vyumba sita Magomeni, korido katikati, choo uani. Arobaini haijafika, ndugu wameshagawanyika: mmoja anasema nyumba ya baba haiuzwi, mwingine anataka chake mkononi. Kila mmoja ana hoja, ila wote wameanzia mwisho.

Mwanzo ni msimamizi wa mirathi. Inatakiwa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa, kisha maombi mahakamani. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Akishateuliwa, nyumba yenye hati huandikishwa kwanza kwa jina lake kama msimamizi, ndipo ihamishiwe kwa mrithi au mnunuzi. Wanaoruka hatua hii huuza kwa makubaliano yaliyogongwa muhuri ofisi ya mtaa, na mrithi ambaye hakushirikishwa akiibuka, mnunuzi anajikuta kwenye kesi. Msimamizi naye si mwenye mali. Mahakama ya Mwanzo humtaka arejeshe orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo ndani ya miezi minne. Wengi hawarudi, wakaendelea kukusanya kodi kana kwamba nyumba ni yao.

Sasa hesabu. Tuseme wamebaki mjane, wana wa kiume wawili na mabinti watatu, na mirathi ni ya Kiislamu. Mjane anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kilichobaki kinagawiwa mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Jumla ni mafungu manane. Nyumba ikiwa na thamani ya shilingi milioni 80, mjane ana milioni 10, kila binti milioni 10, kila mwana milioni 20. Vyumba sita kwa mafungu manane havigawiki, na ugomvi mwingi huanzia hapo. (Kama mjane alichangia kujenga, jasho lake litengwe kwanza. Kinachorithiwa ni sehemu ya marehemu tu.)

Wanaotaka kupangisha wana hoja nzito: Magomeni ipo kando ya njia ya mwendokasi, na kiwanja cha hapo ukishakiachia, kukirudisha ni ndoto. Lakini chumba kikienda kwa 60,000 kwa mwezi, vyote sita vinaleta 4,320,000 kwa mwaka. Toa miezi ya chumba kitupu, bati, kunyonya shimo la choo na kodi ya serikali. Ikibaki 3,200,000, fungu moja ni 400,000 kwa mwaka, yaani asilimia 4 ya thamani. Hapo ni kama hakuna ndugu anayekaa bure. Akiwapo kijana aliyejichukulia vyumba viwili, theluthi ya mapato imekwenda. Kupangisha kunafaa mjane akiwa bado anaishi humo, na fedha ziingie akaunti ya benki yenye watia saini wawili.

Kuuza nje kunamaliza ubishi haraka, mara nyingi kwa bei ya haraka pia. Dalali akishajua ndugu wanagombana, anashusha. Kuna pia kodi ya asilimia 10 kwenye faida ya mauzo.

Kariakoo kuna njia ya ubia: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anajenga ghorofa. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, kwa hiyo mafungu yanaweza kugawika kweli. Hatari ni hati kuwekwa rehani benki na mwekezaji, na ujenzi usiosimamiwa. Jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 lilionyesha uzembe kwenye majengo unagharimu nini.

Kwa nyumba ya kawaida, njia inayostahili kujaribiwa kwanza ni kuuziana, yaani ndugu mmoja anunue mafungu ya wenzake. Mwana mmoja hapo juu anahitaji milioni 60 tu, maana 20 tayari ni zake. Bei itoke kwa mthamini aliyesajiliwa, isiwe bei ya undugu, ambayo binti ndiye huumia nayo. Awamu za malipo ziandikwe mbele ya wakili, hati isihamishwe kabla ya awamu ya mwisho, na mkataba useme wazi: tarehe ikipita hajamaliza, anarudishiwa alicholipa na nyumba inauzwa nje.