Rafiki, Kaa Chini!

Wiki ya kwanza baada ya kuhamia nyumba ile ya ghorofa, nilisikia naitwa kutoka uani. "Rafiki! Rafiki, hebu njoo hapa!" Sauti ya mzee, tena ya mzee aliyezoea kutiiwa. Nikavaa ndala, nikateremka ngazi mbilimbili, nikafika chini natweta: "Shikamoo mzee, umeniita?" Mzee akaniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Nyuma yangu amesimama mbwa mwenye kichwa kama ndoo, naye ameitika wito.

Ndivyo tulivyojuana na Rafiki.

Rafiki hakuijua kamba. Ua ule ni wa wote: watoto wanapiga mpira, sisi wengine tunaanika nguo, yeye anafanya doria. Ukichungulia tu mlangoni pa ngazi, huyo anakuja, ulimi nje, na mzee wake yuko kule mwisho kwenye kiti anapaza sauti: "Haumi huyo! Anataka kucheza tu!" Salamu yangu ya asubuhi ikawa ni moja, naitoa kwa pumzi moja huku mgongo umeganda ukutani: "Shikamoo mzee, shika mbwa!" Ananiitikia marahaba. Ile nusu ya pili hajawahi kuiitikia hata siku moja.

Nikaanza kujisomea habari za mbwa. Nikajua kwamba ukimkimbia unamtia hamu ya kukufukuza, kwa hiyo simama wima kama mti, mikono ubavuni, usimkazie macho. Hilo nililiweza, isipokuwa siku ambazo sikuliweza. Nikajua pia kwamba mkia kutikisika si lazima iwe mapenzi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichunguza mikia ya mbwa 30, wakaona kwamba mbwa akimwona mwenyewe anayemfuga, mkia unaegemea zaidi upande wa kulia. Akiona mbwa mgeni mwenye ubabe, unaegemea kushoto. Elimu nzuri hiyo. Tabu yake ni kwamba mbwa akikujia uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako, na hesabu hiyo mimi siiwezi mnyama akiwa tayari yuko hewani.

Basi nikapeleka malalamiko kwa katibu wa wapangaji, mama mmoja anayependa utaratibu kuliko usingizi. Kikao kikaitishwa palepale uani. Nikasimama kusoma mashtaka yangu, kurasa mbili kamili. Sijamaliza hata aya ya kwanza, mshtakiwa akaja, akanusa soksi zangu, akajilaza juu ya miguu yangu yote miwili, akaanza kukoroma. Maneno "mnyama huyu ni tishio kwa maisha yetu" niliyasoma kwa kunong'ona, nisije nikamwamsha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini walipiga kura: kuanzia siku ile, ni marufuku mbwa kuwa uani au kwenye ngazi bila kamba. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Hata ule mkato wake niliuonea fahari.

Mzee hakubisha. Alikwenda kununua kamba ya kisasa, ile inayoviringika yenyewe ndani ya kiboksi cha plastiki. Mbwa akienda mbele inajitoa, akirudi inajikunja, na ukitaka isimame unabonyeza kitufe. Mita 5 za kamba nyembamba, ngumu kama mshipi wa kuvulia samaki.

Jumamosi yake nilikuwa naanika. Vibanio vitatu mdomoni, shuka bichi begani, ndoo ya maji kando. Mzee akatokea, kiboksi mkononi. "Umeona, kijana wangu? Sheria yako hiyo." Nilitaka kumpongeza ila nilikuwa nimeuma vibanio, nikatikisa kichwa tu. Rafiki, ambaye tangu siku ya kikao alituhesabu kuwa ndugu, alifurahi kuniona. Akanizunguka. Akapita nyuma ya nguzo ya kuanikia, akarudi, akanizunguka tena. Kamba ikawa inateleza magotini kwangu taratibu, bila ugomvi. Mimi nikidhani mzee ataivuta. Mzee akidhani kiboksi kitaivuta.

Hapo ndipo paka akapita juu ya ukuta.

Rafiki akachomoka. Mzee akabonyeza kitufe, kamba ikakaza ghafla, kiboksi kikamponyoka. Sasa hicho kiboksi kikawa kinaburuzwa kwenye saruji, ta-ta-ta-ta, nyuma ya mbwa. Rafiki akageuka, akaona kitu kinamfukuza. Mbwa ambaye nyumba nzima tulikuwa tunamwogopa akapiga yowe la kitoto akaanza kukimbia kuokoa roho yake, na kadiri anavyokimbia ndivyo kinavyomfuata. Paka kasahauliwa. Mizunguko ikawa mitatu, minne, yote katikati yake nikiwemo mimi na nguzo.

Nilianguka polepole, kama mnazi unaokatwa. Ndoo ikafuata, kisha kamba ya nguo pamoja na mashuka ya nyumba nzima.

"Rafiki, kaa chini!" mzee akapiga kelele.

"Niko chini, mzee!" nikajibu, vibanio vikiruka.

Madirisha yakafunguka moja baada ya jingine. Mzee akainama kufungua mafundo, mikono inamtetemeka, sijui kwa hofu au kwa kicheko. Hayafunguki. Njia ikabaki moja, kuichomoa kamba kwenye ukosi wa mbwa. Alipogusa tu kile kibanio cha ukosini, sauti ikatoka ghorofa ya pili.

"Hapana, mzee! Usimfungue!" Ni katibu. "Azimio linasema ni marufuku mbwa kuwa uani bila kamba."

"Mama," nikasema, shavu likiwa ndani ya dimbwi la sabuni, "naliondoa azimio."

"Wewe peke yako huwezi. Mpaka kikao."

"Basi iteni kikao!"

Akashuka na daftari. Naapa alishuka na daftari, na kalamu sikioni. Akahesabu waliopo, waliomo madirishani pia wakahesabiwa, akauliza nani anaunga mkono mbwa afunguliwe kwa dharura. Mikono ikainuka. Wangu haukuinuka, ulikuwa umefungwa. Akaandika kuwa sikupiga kura.

Rafiki alipofunguliwa hakwenda popote. Alijikung'uta maji yote usoni kwangu, akakaa kando ya kichwa changu kusubiri watafute mkasi, mkia unapiga saruji. Nilitazama kwa makini, maana nafasi ya kutazama kwa karibu namna ile huenda nisiipate tena. Ulikuwa unaegemea kulia. Ila nilikuwa nimelala kichwa chini miguu juu ya ndoo, kwa hiyo siwezi kuapa.