Bonaly hakutafuta kiki
Eti Surya Bonaly alipiga ile samasoti kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 kutafuta kiki tu, hapana bana. Huyo Mfaransa alikuwa bingwa wa Ulaya wa kuteleza kwenye barafu mara 5, mashindano ya dunia akapewa medali ya fedha mara 3 mfululizo 1993 hadi 1995, halafu 1996 kano ya kisigino ikakatika, kwahiyo Nagano anaona kabisa medali haipo ndo akawarushia majaji kitu ambacho ISU, shirikisho la dunia la kuteleza kwenye barafu, walikipiga marufuku tangu miaka ya 70, tena akatua mguu MMOJA. Huku Kigoma vijana wanapiga sama pale ufukweni Kibirizi, kwenye mchanga laini, miguu yote miwili na bado wanaangukia matako. 2024 ISU wenyewe wameiruhusu, sasa nani alikuwa anatafuta kiki hapo?