Pita Katikati ya Dimbwi, au Geuza Gari

Katika yote yanayofungisha njia za magari kwenye misitu ya taifa ya Marekani, kuchepuka ndiko kunakoniuma zaidi, maana sisi madereva wenyewe tungeweza kukuzuia. Mtu anafika kwenye dimbwi, halipendi, anapitia pembeni kwenye majani. Anayemfuata anaona alama za tairi na kupita papo hapo. Baada ya mvua mbili pembeni napo pamekuwa tope, kwa hiyo wa tatu anasogea nje zaidi. Njia iliyokuwa na upana wa gari moja inaishia kuwa uwanja, na bwana misitu akija kuikagua hahitaji kuwa adui wa magari ili aifunge.

Sheria iko upande wake. Amri ya Rais Nixon namba 11644 ya mwaka 1972 iliagiza njia za magari zipangwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, maji, mimea na wanyama. Mwaka 1977 Rais Carter aliongeza amri namba 11989: magari yakileta uharibifu mkubwa, eneo lifungwe mara moja hadi uharibifu utakapodhibitiwa. Kisha ikaja kanuni ya mwaka 2005 iliyogeuza utaratibu mzima. Zamani misitu mingi ilikuwa wazi isipokuwa pale palipokatazwa. Sasa pamefungwa kila mahali isipokuwa palipoorodheshwa. Anayelalamika kwamba hakuona kibao cha katazo bado anaishi kwa utaratibu wa zamani.

Orodha hiyo ni Ramani ya Matumizi ya Magari, inayojulikana kwa kifupi kama MVUM. Inatolewa bure, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haina mistari ya mwinuko, na kwa kweli inachosha macho. Lakini ndiyo inayotumika kukuhukumu. Njia isiyochorwa humo imefungwa kwa magari, hata kama ina alama za tairi mbichi na hakuna geti. Adhabu inafika dola 5,000, au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Pakua toleo la mwaka huu kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika mapema huko msituni. Kisha usiishie kwenye mchoro: soma jedwali lililo pembeni, kwa kuwa tarehe za kufunga na kufungua zimeandikwa humo. Angalia pia aina ya gari linaloruhusiwa. Kuna njia za pikipiki tu, na kuna za vyombo visivyozidi inchi 50 kwa upana. Bagi nyingi za siku hizi, yaani vigari vya wazi vya kuendeshea porini, zinavuka kipimo hicho, na wapo wanaong'oa nguzo za mlangoni ili zipenye. Huo ni uharibifu wa mali ya umma, hauna jina lingine.

Nguzo ya namba ya barabara nayo inasema kitu. Namba iliyoandikwa kwa ulalo ni ya barabara inayohudumiwa vya kutosha kwa gari dogo. Namba iliyoandikwa kwa kusimama, tarakimu moja chini ya nyingine, inamaanisha uwe na gari lililoinuka.

Sasa dimbwi lenyewe. Simama kabla hujaingia, shuka, chukua fimbo ndefu, pima kina na ugumu wa sakafu kwenye mistari yote miwili ya tairi. Kama maji yanatembea kwa kasi, usiingie, wewe wala gari. Kama yametulia, sakafu ni ngumu na kina hakivuki kitovu cha gurudumu, weka 4x4 na gia za chini ukiwa bado pakavu, kisha pita katikati kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kubadili gia njiani. Kama fimbo inazama kwenye tope laini, rudi. Hakuna chaguo la tatu la kupitia kwenye majani.

Upepo wa tairi unasaidia kuliko wanunuzi wa vifaa wanavyodhani. Gari linalotembea na PSI 35 lamini, lishushe hadi 25 kwenye changarawe, na 18 hivi kwenye mawe na tope. Tairi linatanuka, linashika eneo kubwa zaidi, halihitaji kuzunguka bure ili lipande. Chini ya 15 tairi la kawaida linaweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona, kwa hiyo usifike huko bila rimu maalumu zinazolibana. Beba kompresa, ujaze tena kabla ya kurudi lami. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka.

Kwa nini kuzunguka kwa tairi kuna uzito kiasi hiki? Kwa sababu ya maji. Udongo wa msitu una matundu madogo yanayoyanywa. Tairi likiukandamiza, matundu yanafungwa, mvua inayofuata inakosa pa kuingilia na kukimbia juu ya ardhi. Ikipata mtaro uliochimbwa na tairi, inafuata mtaro, inaongeza kasi na kuuchimba zaidi. Ndiyo maana waliotengeneza njia waliweka matuta ya mshazari ya kuyatoa maji pembeni. Dereva anayekanyaga mafuta juu ya tuta hilo analikata kichwa, na kutoka hapo mteremko mzima unakuwa mfereji. Matope yanaishia kijitoni, yanajaa kati ya kokoto ambamo samaki kama trauti na samoni hutaga, na mayai yanakosa hewa. Gurudumu likianza kuzunguka pasipo gari kusogea, ondoa mguu. Rudi nyuma, punguza upepo zaidi, au tafuta msaada.

Msaada ukiwa winchi, mashine ya kulivuta gari kwa waya uliofungwa kwenye mti, mti nao una haki yake. Waya mtupu ukiuzunguka mti hai unakata gome na kufika kwenye tabaka laini linalobeba chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likikatwa duara zima, mti utakufa, hata kama mwezi huu unaonekana mzima. Tumia mkanda bapa wa upana wa inchi 3 au zaidi, uuzungushe chini, karibu na mizizi ya mti mnene, uunganishe kwa pingu ya chuma iliyoandikwa uzito inaoubeba. Tupia blanketi zito katikati ya waya, watu wasimame mbali. Wala usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia tela: ukikatika unaruka kama risasi, na umeshaua watu.

Kuhusu mageti ya msimu, nayaunga mkono, ila nina shida na tarehe. Mvua haifuati kalenda. Njia inaweza kufunguliwa rasmi huku udongo ungali uji, au kubaki imefungwa wiki kadhaa imeshakauka. Ningependa ufunguzi uamuliwe na hali ya udongo, ndani ya kipindi kilichotangazwa. Hadi hapo, geti kuwa wazi kusikutoshe: tairi likiacha mtaro wa kina cha vidole viwili, geuza, hata kama ramani inakuruhusu.

Na mpango wa njia ukitangazwa kwa maoni, jibu. Barua ya "tunaipenda njia yetu" haina kitu cha kujibiwa. Taja namba ya barabara, alama ya GPS ya palipoharibika, piga picha yenye rula ndani yake, pendekeza tuta, changarawe au daraja dogo badala ya kufunga, na useme kama kundi lako litafanya kazi hiyo kwa kujitolea. Peleka kabla ya tarehe ya mwisho, maana kwa miradi mingi asiyetoa maoni kwa wakati hana haki ya kuweka pingamizi baadaye.