Kengele za Yi na wasichana 21

Tunapozisifia kengele za shaba za Yi, mtawala wa dola ndogo ya Zeng huko China ya kale, tunawasahau wasichana waliozikwa naye. Sioni kwa nini iendelee hivyo.

Mwaka 1977 wanajeshi walikuwa wakisawazisha kilima cha Leigudun, karibu na Suizhou katika jimbo la Hubei, wajenge karakana. Wakakuta udongo wa kahawia mahali pa mwamba mwekundu. Maofisa wao wakashuku kuna kaburi, wakatoa taarifa, na hawakuchoka kufuatilia. Nawavulia kofia, maana baruti ilikuwa tayari inatumika pale na wangeweza kuendelea na kazi yao tu. Mwaka 1978 wanaakiolojia walifukua kaburi lililojaa maji. Maji yalipovutwa, boriti zikajitokeza, kisha kengele, nyingi zikiwa bado zimening'inia tangu siku ya mazishi, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Ni 65, katika safu tatu, na boriti zake zinabebwa na askari wa shaba. Kubwa kuliko zote ina zaidi ya kilo 200. Ndogo kabisa haifiki kilo 3. Moja ni zawadi ya mfalme wa Chu, dola jirani, na maandishi yake ndiyo yaliyotupa mwaka: 433 K.K.

Kinachonishangaza zaidi ni ufundi wa sauti. Kengele hizi si za mviringo. Zimebanwa kama kokwa la embe. Ukiigonga katikati inatoa sauti moja, ukiigonga ubavuni inatoa nyingine, na zote mbili zimepangwa kwa makusudi. Umbo hilo pia huifanya sauti ikatike mapema, kwa hiyo wimbo hauvurugiki. Juu ya shaba yamechorwa maelezo ya kila sauti, na jina ambalo sauti hiyo iliitwa katika dola jirani. Mafundi waliosubu haya walikuwa wataalamu wa kweli, na ala nzima inafika oktava tano, yaani ngazi tano za sauti, kila moja kuanzia do hadi do inayofuata.

Sasa wasichana. Walikuwa 21, kila mmoja na jeneza lake, wakikadiriwa kuwa na umri wa miaka 13 hadi 25. Wanane walilazwa chumba kimoja na Yi, pamoja na jeneza la mbwa. Waliobaki 13 walikuwa chumba cha magharibi, na wataalamu wengi wanaamini kwamba hao walikuwa wapiga muziki na wacheza ngoma wa kasri. Yaani huenda mikono iliyozijua kengele hizi kuliko mingine yote ilizikwa nazo ili bwana asikose burudani ahera.

Najua jibu litakalokuja: ndivyo zama zile zilivyokuwa, tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Siliafiki. Confucius, mwanafalsafa wa China aliyefariki 479 K.K., anasimuliwa kuwa alimlaani hata yule aliyeanzisha kuzika sanamu za watu pamoja na maiti. Na dola ya Qin ilipiga marufuku kuwazika watu na watawala wao mwaka 384 K.K., nusu karne tu baada ya kengele ile ya Chu kusubiwa. Wapo waliojua kwamba ni uovu, na walilisema hilo wakati uleule. Nami naamini mama wa binti wa miaka 13 hakuhitaji mwanafalsafa wa kumwambia.

Simaanishi tuache kuzistaajabia. Ziko katika jumba la makumbusho la jimbo, mjini Wuhan, na nakala zake hupigwa mbele ya wageni. Mwenye nafasi aende azisikilize. Ila anayeandika kuhusu uzito wa shaba na idadi ya kengele, aandike na hesabu ya majeneza, katika habari ileile. Majina yao hatunayo. Idadi, umri na mahali walipolazwa tunavijua, na vinatosha kwa sentensi mbili.